Tatizo Kwanza, Mtandao Baadaye

Kujifunza kwa tatizo ni utaratibu ambao somo huanzia kwenye jambo linalotaka ufumbuzi, na maarifa hutafutwa kwa sababu jambo hilo limeyadai. Wanafunzi wachache, kwa kawaida watano hadi tisa, hupewa habari fupi ya mgonjwa, shamba, mashine au kijiji chenye shida. Mada yenyewe hawajafundishwa. Kwanza hukaa pamoja wakaulizana: tunajua nini, tunadhani nini, na ni kipi tusipokisoma hatutafika popote? Kisha hutawanyika wakasome, na baada ya siku chache hurudi kuweka mezani walichokipata. Mwalimu yupo, lakini hatoi mhadhara. Kazi yake ni kuuliza, kudai sababu na kuangalia kikundi kisipotee mbali, na ndiyo maana huitwa mwezeshaji.

Njia hii haifanani na maswali ya mwisho wa sura. Maswali hayo huja baada ya kanuni kufundishwa, na mwanafunzi hujua tangu mwanzo kwamba jibu limo katika kurasa alizotoka kuzisoma. Tatizo la kweli halijitambulishi ni la somo gani. Mkojo wenye damu unaweza kuwa suala la figo, la mnyoo, la damu yenyewe au la bwawa la kijiji, na sehemu kubwa ya elimu hupatikana katika kuamua pa kuanzia.

Chimbuko la njia hii ni Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton nchini Kanada. Shule yake ya udaktari ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1969, chini ya mkuu wake John Evans, na tangu mwanzo iliachana na desturi ya kumjaza mwanafunzi mihadhara ya anatomia na kemia kwa miaka kabla hajamkaribia mgonjwa. Howard Barrows, daktari bingwa wa mfumo wa fahamu, ndiye aliyeieleza njia hiyo kwa kina, na kitabu alichokitoa pamoja na Robyn Tamblyn mwaka 1980 kiliisambaza duniani. Maastricht nchini Uholanzi ilianza mwaka 1974, ikaipangia kazi ya kikundi hatua saba ambazo vyuo vingi huzifuata hadi leo. Mwaka huohuo Aalborg nchini Denmark ilifunguliwa kwa mtindo wa miradi, wahandisi wakiwamo. Afrika Mashariki nayo si mgeni. Shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, ilijenga mtaala wake juu ya matatizo na mafunzo ndani ya jamii tangu ilipoanza, na Makerere iliubadilisha mtaala wake wa tiba kuelekea huko mwaka 2003.

Vikundi vya mwanzo vilikuwa na ubao, chaki na maktaba. Vilifanya kazi nzuri, na jambo hilo lafaa kukumbukwa kila mara mtu anapouza programu mpya kwa shule. Hata hivyo, utaratibu wenyewe una sehemu moja dhaifu, nayo iko katikati: siku zile kati ya kikao cha kwanza na cha pili, wanafunzi wanapokuwa wametawanyika. Hapo ndipo mmoja hukosa kitabu, mwingine husoma mambo yasiyohusu, wa tatu hukwama asijue kwamba mwenzake ameshapata jibu. Mtandao unasaidia zaidi hapo kuliko popote pengine.

Mfano wa tatizo moja utaonyesha vizuri. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha maafisa tabibu wanapewa maneno haya: “Mvulana wa miaka 11 anayeishi kijijini Pemba ameletwa kituo cha afya na bibi yake. Kwa wiki tatu mkojo wake umekuwa mwekundu, hasa matone ya mwisho. Hana homa. Watoto wengine wawili wa darasa lake wana dalili hiyohiyo. Wote huoga bwawani baada ya madrasa.” Basi. Hakuna kichwa cha habari, hakuna jina la ugonjwa.

Barrows alitumia ubao wenye safu nne: dhana, ukweli unaojulikana, mambo ya kujifunza, na hatua za kuchukua. Ubao huohuo ukihamishiwa kwenye hati ya pamoja ya mtandaoni, ambayo kila mwanakikundi anaweza kuiandika kwa simu yake, hupata sifa ambayo ubao wa chaki haukuwa nayo: haufutiki. Hati za aina hiyo huweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani aliandika nini na saa ngapi. Katika safu ya dhana wanafunzi wataweka kichocho, maambukizi ya njia ya mkojo, mawe ya figo, siko seli, jeraha, na labda dawa, kwa kuwa rifampisini ya kifua kikuu hugeuza mkojo kuwa na rangi ya chungwa inayokaribia wekundu. Siku ya tatu mwezeshaji akiifungua hati anaweza kuona kwamba siko seli imefutwa bila mtu yeyote kueleza kwa nini. Kwenye ubao wa chaki kosa hilo lingeondoka na vumbi lake. Mwezeshaji mzuri hatalisahihisha, ataandika pembeni swali moja tu: “Ushahidi gani umeiondoa hii?”

Safu ya mambo ya kujifunza ndiyo inayotoka nje ya chumba. Kwa nini damu ionekane zaidi mwishoni mwa haja? Mkojo wa kupima uchukuliwe saa ngapi? Mdudu huyo, kama ni mdudu, anaingiaje mwilini mwa mtoto anayeoga tu? Akitibiwa leo na kesho akarudi bwawani, dawa itakuwa imefanya nini? Kila mwanafunzi huchukua swali lake, ingawa vikundi vyenye busara hulifanya swali gumu kuwa la wote, maana kugawana maswali kama mafungu ya nyama humfanya kila mmoja arudi na kipande ambacho wenzake hawakionji.

Kwa vyanzo, hali imebadilika mno kuliko watu wengi wanavyodhani. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 kwa ushirikiano na wachapishaji wakubwa, huvipa vyuo na hospitali za nchi zenye kipato kidogo ruhusa ya kusoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kina maktaba ya picha za vimelea inayoitwa DPDx, iliyo wazi kwa kila mtu, na humo mwanafunzi ataliona yai la kimelea cha kichocho, Schistosoma haematobium, likiwa na mwiba nchani, kama litakavyoonekana chini ya hadubini yake mwenyewe. Atasoma kwamba mayai hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hivyo mkojo wa alfajiri unaweza kutoa jibu la uongo. Atajifunza kwamba mayai hunasa kwenye ukuta wa kibofu, na kibofu kinapojikunja kumalizia haja ndipo damu inapotoka. Na atagundua konokono wa maji baridi, ambaye ndani yake kimelea hukua kabla ya kutoka na kutoboa ngozi ya anayeoga.

Kwa Unguja na Pemba kuna hazina nyingine. Kuanzia mwaka 2016 visiwa hivyo vilipigwa picha za droni katika mradi wa ramani uliowashirikisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kikundi kinachotafuta bwawa la mvulana yule kinaweza kutazama vijiji halisi kutoka juu, kikapima umbali wa shule hadi majini, kikauliza kwa nini vijiji vya pwani kabisa vyenye maji ya chumvi vina hatari ndogo kuliko vya ndani. Hapo tatizo linageuka kutoka mgonjwa mmoja kuwa suala la mazingira, na wanafunzi wanaanza kuzungumzia vyoo, visima na konokono, mambo ambayo mhadhara wa vimelea huyaacha kwa mwalimu mwingine.

Kikao cha pili kinapofika, kila mmoja ana alichokipata, na kazi ni kukipambanisha. Kazi hii hufanyika vizuri zaidi ana kwa ana. Mkutano wa video unawezekana, na kwa wanafunzi walio mazoezini katika vituo vya wilaya mbalimbali huenda ukawa njia pekee, lakini hoja za kikundi hutegemea kukatizana, kushangaa, kuona uso wa mwenzako ukikunjika kwa shaka. Kwenye video watu huzungumza kwa zamu, na anayesita hunyamaza kabisa. Inapolazimu, ni heri kikundi kiwe kidogo zaidi, picha zizimwe ili kuokoa bando, na kila mtu atajwe kwa jina aeleze alichokipata kabla mjadala haujafunguliwa.

Majadiliano ya maandishi, ambayo kila mtu huchangia kwa wakati wake, yana faida ambayo hata ana kwa ana haina. Mwanafunzi mpole, au asiyejiamini katika Kiingereza, hupata muda wa kufikiri na kuandika. Ni kawaida katika vyuo vya Tanzania vitabu viwe vya Kiingereza na ubishi uwe wa Kiswahili, na hilo lisionwe kama kasoro. Anayeweza kulieleza bwawa la Pemba kwa Kiswahili fasaha ameuelewa ugonjwa, na ndiyo lugha atakayomwelezea bibi wa mgonjwa. Jumbe za sauti za WhatsApp zimelirahisisha jambo hili sana. Hata hivyo, kundi la WhatsApp lina kasoro kubwa kama chombo cha masomo: hoja ya jana hufunikwa na salamu, picha na matangazo ya leo. Vikundi vinavyofanikiwa huteua katibu wa wiki, ambaye kila jioni huhamisha yaliyokubaliwa na yanayobishaniwa kwenye hati ya pamoja. Kazi hiyo ni ndogo, na bila hiyo mazungumzo mengi mazuri hupotea.

Vyuo vyenye uwezo hutumia mifumo maalumu ya masomo. Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, ni ya bure na chuo kinaweza kuiweka kwenye seva yake chenyewe. Kwa kujifunza kwa tatizo, uwezo wake wenye manufaa zaidi ni kufunga na kufungua. Tatizo huandikwa kwa sehemu, na sehemu ya pili, tuseme majibu ya maabara, haifunguki mpaka kikundi kiwe kimeandika dhana zake na kipimo kinachokitaka. Kwa njia hiyo wanafunzi wanalazimika kufikiri kama tabibu, ambaye naye hapati majibu yote kwa mkupuo. Wagonjwa wa kubuni wa kwenye kompyuta huendeleza wazo hilohilo: mwanafunzi huchagua swali la kumuuliza mgonjwa, huagiza kipimo, huona matokeo ya uamuzi wake. Wanafaa kwa hali ambazo kikundi hakiwezi kukutana nazo wodini kila siku, ila hutengenezwa kwa gharama na muda mwingi, na chuo kidogo hakina sababu ya kuanzia hapo.

Shule za sekondari nazo zina vyombo vyao. PhET, mkusanyo wa maigizo ya kisayansi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 2001, huruhusu wanafunzi kuunganisha betri, nyaya na taa kwenye skrini na kupima mkondo wa umeme. Tatizo linalofaa kuambatana nalo liko nyumbani kwa wanafunzi wengi: nyumba yenye sola ndogo, taa zinafifia ifikapo saa tatu usiku, na baba ameongeza taa ya nne wiki iliyopita. Kikundi kinaweza kujaribu kila dhana kwenye igizo kabla ya kugusa waya halisi. Maigizo hayo mengi hupakuliwa mara moja na kutumika bila mtandao.

Bila mtandao: maneno haya mawili yanastahili kukaziwa, kwa sababu gharama ya bando ndiyo inayoamua nani atajifunza. Kebo ya SEACOM ilipofika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, intaneti iliyokuwa ikipitia setilaiti kwa bei kubwa ilianza kushuka bei, na vyuo vikuu vimeunganishwa kupitia mitandao ya elimu kama KENET nchini Kenya, TERNET nchini Tanzania na RENU nchini Uganda. Mwanafunzi anapotoka getini, hata hivyo, anabaki na salio lake mwenyewe. Mwalimu anayeweka video ya nusu saa pale ambapo kurasa mbili zingetosha anamwondoa darasani mwanafunzi maskini bila kujua. Dawa ipo. Programu ya Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, huhifadhi Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwamo, kwenye kompyuta au simu isiyo na mtandao. Kolibri hufanya vivyo hivyo kwa masomo na mazoezi: kompyuta moja ndogo hurusha mawimbi ndani ya shule, na simu au vishikwambi vilivyo karibu huvisoma vilivyomo bila kutumia senti ya bando. Tanzania Bara, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, kwa hiyo shule nyingi tayari zina walau kifaa cha kuandalia na kuhifadhia tatizo.

Akili unde imeleta swali gumu zaidi. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kuyabandika maneno yote kuhusu mvulana wa Pemba akapata neno “kichocho” papo hapo. Wanaoona huo ndio mwisho wa njia hii wanakosea lengo lake. Jina la ugonjwa halikuwa faida iliyokusudiwa. Faida ni safari ya kuzipambanisha dhana, na kikundi kikifika kwenye jina bila safari hakijapata kitu. Kwa hiyo utaratibu wenyewe lazima ubadilike kidogo. Kikao cha kwanza kifanyike simu zikiwa mfukoni. Tatizo lidai kitu ambacho mashine haina, kwa mfano mahojiano na mhudumu wa afya wa kijiji au vipimo vya maji vilivyochukuliwa na wanafunzi wenyewe. Baada ya kikundi kuandika hoja zake, akili unde inaweza kupewa kazi ya kuzipinga, na wanafunzi wakaikagua, marejeo yake hasa, kwa kuwa mara nyingine hutaja makala ambazo hazijapata kuandikwa.

Mzigo wa mwezeshaji mtandaoni ni wa aina nyingine. Darasani anaona nani amepotea. Mtandaoni anaona kimya tu, na kimya kinaweza kuwa uvivu, bando kuisha, au mwanafunzi anayesoma kwa bidii bila kuandika. Simu moja ya sauti huondoa shaka hiyo haraka kuliko jumbe kumi. Kishawishi kikubwa zaidi ni kujibu. Swali likiingia kwenye kundi saa tatu usiku, mwalimu anayelijua jibu huliandika kwa dakika moja, na kwa dakika hiyo amemaliza kazi ambayo kikundi kilipaswa kuifanya kwa siku mbili. Mwezeshaji hujizuia, huuliza ni nani mwingine amesoma jambo hilo, na huingilia tu pale kikundi kinapoelekea kwenye kosa ambalo hakitaweza kulitoka chenyewe.

Njia hii ina wapinzani, na hoja zao zina uzito. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark waliandika kwamba kumwacha mwanafunzi mchanga agundue mambo bila mwongozo humlemea akili, kwa kuwa hana bado maarifa ya kuyapangia anayoyaona. Cindy Hmelo-Silver na wenzake walijibu mwaka uliofuata kwamba kujifunza kwa tatizo hakumwachi mwanafunzi peke yake. Kumejaa misaada iliyopangwa. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa mwaka 2003 na Filip Dochy na wenzake yalikuwa yameonyesha kwamba wanafunzi wa njia hii huwa hodari zaidi katika kutumia maarifa, ingawa katika mitihani ya maarifa matupu hawawazidi wenzao na pengine huwa nyuma kidogo, lakini walichokijua hudumu nao zaidi. Fundisho kwa anayetumia mtandao ni bayana. Kuwarushia wanafunzi tatizo na kiungo cha Google ndicho hasa wapinzani walichokilaumu. Hati yenye safu nne, sehemu zinazofunguka kwa mpangilio, orodha fupi ya vyanzo vilivyochujwa na mwezeshaji anayeuliza ndiyo misaada inayotajwa na watetezi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaihitaji kwa wingi kuliko wa mwaka wa nne.

Upimaji hurahisika pia. Kumbukumbu ya hati inaonyesha mchango wa kila mtu, hivyo yule asiyefanya chochote hawezi tena kujificha nyuma ya alama ya kikundi, na mwanafunzi aliyeandika machache lakini yakageuza mwelekeo wa hoja huonekana. Lisifanywe tu kosa la kuhesabu maneno na idadi ya jumbe, kwa sababu kikundi kitajifunza upesi kuandika mengi yasiyo na maana.

Mwalimu anayetaka kuanza asisubiri maabara ya kompyuta wala mfumo wa gharama. Achukue tatizo moja la mahali alipo, aliandike kwa mistari mitano bila kutaja mada, achague wanafunzi saba, awafungulie hati moja ya pamoja, awape wiki. Wenye simu janja wakiwa watatu tu katika kikundi, wanatosha kuandika kwa niaba ya wenzao.